Kiti Kinacholala

Habari ya tiketi ilifika Mbuba kabla ya tiketi yenyewe. Thobias aliipokea kwa simu kule Rusumo, alikokuwa akifanya kazi na mawakala wanaotoa mizigo forodhani, na kwa kuwa ilimbidi kushindana kwa sauti na malori, foleni nzima ilijua siku ileile kwamba mama yake, Dafroza, anakwenda Ubelgiji, tena kwenye kiti kinachogeuka kitanda.

"Kitanda?" aliuliza mzee Fideli, mume wa Dafroza, kijana wake alipofika nyumbani Jumamosi.

"Kitanda, baba. Mbele kabisa, daraja la kwanza. Unabonyeza kidude, kiti kinalala, na wewe unalala."

"Na wale wa nyuma?"

"Wanakaa."

"Lakini ndege inafika pamoja?"

"Inafika pamoja."

"Basi huyo anayelala anafika wapi ambako wenzake hawafiki?"

Majirani waliokuwa wamekuja kusikiliza wakacheka. Thobias akataja bei ya kile kiti, kisha bei ya kiti cha nyuma, na kicheko kikakatika. Fideli akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kwa hiyo tofauti tu," alisema, "ningeezeka nyumba hii bati jipya, na jiko, na banda la mbuzi, halafu mbuzi wenyewe ningewanunulia kengele. Mama Thobias, wewe mguu unakuvimba, najua. Lakini mguu wa bei hiyo sijauona."

Dafroza alicheka na wengine. Moyoni alikubaliana naye. Jioni akamwomba Thobias ampigie Diane, aliyeikata tiketi ile.

Diane hakuwa wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa tumbo la mwingine aliyekulia mikononi mwake, na sasa alikuwa na mume na mimba kubwa katika nchi ya mbali. Dafroza alimwambia polepole, kama anavyoambiwa mtu asikasirike: "Mwanangu, badilisha tiketi. Nikatie ya nyuma na mimi nikae kama watu. Hizo fedha nunua nguo za mtoto."



"Mama," Diane akasema, "mlimpa mama yangu kitanda. Wewe na baba mkalala chini kwenye nyasi, karibu na jiko. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Safari hii ulale wewe." Kisha sauti ikashuka ikawa pumzi tu. "Na uwahi. Ameanza kuja tena."

Dafroza hakuuliza ni nani. Alimrudishia Thobias simu, na hakusema tena habari ya kubadilisha tiketi.

Ilikuwa mwaka ule wa tisini na nne, watu walipoikimbia Rwanda wakamiminika darajani Rusumo mchana na usiku, wamebeba magodoro, masufuria na wazee. Wengi walikwenda Benaco, ambako kambi iliota kwa siku chache kama uyoga. Wachache walipotea njia wakafika hadi mashambani. Akimana alifika Mbuba akishika ua wa nyumba moja hadi nyingine ili asianguke, mwanamke mrefu, amekonda, na nyuma yake binti yake wa miaka tisa, Diane, amebeba ndoo tupu. Mama alikuwa anahara damu. Watu walimwogopa, na hakuna wa kuwalaumu, kwani ugonjwa ule ulikuwa unamaliza watu kambini. Kando ya barabara walikuwa wamelazwa kwenye mikeka, safu kwa safu, wamefunikwa nyuso, wakingoja kuzikwa. Dafroza aliipita barabara ile mara moja tu, na hakuisahau.

Alimwingiza Akimana ndani, akamlaza kwenye kitanda chao. Nyumba ile ilikuwa na kitanda kimoja. Akamfunika kwa blanketi lao la kijivu, lile lililoungua pembeni kwa cheche ya moto, naye akaliziba kwa uzi mwekundu kwa sababu mwingine hakuwa nao. Akimana alikuwa mrefu kuliko kitanda. Kila mara miguu ilitokeza, na kila mara Dafroza aliifunika.

Siku ya mwisho Akimana aligeuza macho kumtazama binti yake. "Na huyu?" akauliza.

Pale kwa kina Fideli kulikuwa na desturi ya tangu kwa mama mkwe. Mgeni akiacha kitu, jembe au chungu au mbuzi, hukumwambia, "Niachie," wala, "Usijali, ni changu sasa." Ungekuwa umemvua nguo. Ulimwambia, "Nakutunzia mpaka utakapokuja kuchukua," hata kama nyote wawili mlijua hatarudi. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwa Dafroza kama salamu. Yakatoka yenyewe.

"Nakutunzia mpaka utakapokuja kuchukua."

Akimana akatabasamu, akafumba macho. Walimzika mwisho wa migomba, ndani ya blanketi lile lile.

Diane alikaa nao hadi akawa msichana mkubwa. Kisha watu waliokuwa wakiwatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana walimpata shangazi yake Ubelgiji, naye akaenda. Alisoma, akaolewa na Habonimana, kijana mpole mwenye asili ya Burundi. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Mara zote mbili, siku chache kabla, Diane aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta godoro limebonyea upande wa miguu, kama kuna mtu amekaa.

"Hasemi kitu," alimwambia Dafroza kwenye simu wakati ule. "Anangoja tu. Kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake."

 Dafroza aliposikia hivyo akayakumbuka maneno yake mwenyewe kwa Akimana.

Siku ya kuondoka alikwenda mwisho wa migomba na jembe dogo. Akapalilia, akaokota majani makavu. Alitaka kusema jambo zito, lakini maneno mazito hayakuja. Ndani ya nyumba Fideli alikuwa anamwita, gari limefika. Akasimama, akajipangusa magoti, na kama anavyofanya mtu wa kwao akiagana na jirani mlangoni, akasema, "Haya, naenda kwa mtoto. Nisindikize basi."

Alikuwa amekwisha kufika uani alipotambua amesema nini, na amemwambia nani.

Thobias alikuwa amemwombea nafasi kwenye lori la Malongo, dereva aliyekuwa akirudi Mwanza. Kiti cha mbele, kwa heshima ya uzee wake. Nyuma, juu ya turubai, walikaa vijana na wafanyabiashara wa maharage, wamejifunga vitambaa puani kwa vumbi. Pale Benaco bwana mmoja mwenye sanduku alisogea dirishani.

"Dereva, nipe mbele. Nitaongeza."

"Mbele pamejaa, mzee."

"Nitaongeza mara mbili."

"Nimekwambia pamejaa. Huoni?"

Yule bwana akatazama ndani, akatikisa kichwa kwa hasira, akaenda kupanda nyuma. Dafroza naye akatazama. Kati yake na Malongo palikuwa na nafasi ya mtu mzima, haina hata mfuko.

Walipokwisha kwenda mwendo mrefu ndipo alipouliza. "Mwanangu, mbona ulimwambia pamejaa?"

Malongo akakunja uso. Akatazama ile nafasi, akarudisha macho barabarani. "Nilimwambia hivyo?" akasema. "Labda ni joto, mama." Lakini tangu hapo alipobadilisha gia aliupitisha mkono wake kwa uangalifu, asije akamgusa mtu goti.

Wakapita msituni nyuma ya gari la askari, maana miaka ile majambazi walikuwa wakitokea kwenye miti.  Walipofika Lusahunga jua lilikuwa kali, na wauzaji wakaukimbilia mlango. Msichana mmoja akamnyoshea Dafroza ndizi ya kuchoma kwenye kipande cha gazeti, akachukua fedha, kisha akanyosha ya pili.

"Nimenunua moja, binti."

"Na ya mwenzako, mama? Hali yake si nzuri, mpe ale."

Dafroza akaipokea ndizi ya pili, akailipia. Aliiweka kwenye ile nafasi ya katikati, juu ya gazeti lake. Alipotazama tena karibu na mji wa Biharamulo ilikuwa bado ipo, lakini imepoa kama jiwe la kisimani, na yake mwenyewe mkononi bado ilikuwa inaunguza.

Ndege kubwa iliondoka Dar es Salaam asubuhi. Mhudumu aliyempokea mlangoni alikuwa msichana Mtanzania, amevaa vizuri kama bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe njia, miguu yangu imefika Ulaya kabla yangu."

Msichana akacheka, akamshika mkono. Wengine waligeuzwa upande wa kulia, foleni ndefu ya mabegi na watoto. Dafroza akageuzwa kushoto. Aliona mle kwenye foleni familia moja ya wakimbizi, baba, mama na mtoto mchanga, kila mtu mzima na mfuko mweupe wa karatasi zake umening'inia kifuani. Aliwajua kwa namna walivyoushika ule mfuko. Akataka kuwasalimu, lakini pazia likafungwa.

Huku mbele palikuwa pana, baridi na kimya. Kiti kilikuwa kikubwa kuliko kitanda alichoolewa nacho. Yule mhudumu alipiga magoti, akamvua viatu, akautazama mguu uliovimba, akaleta mto wa kuupandisha. Dafroza aliliweka jambo hilo moyoni. Mtu halipwi kupiga magoti, alifikiri. Kazi yake ilikuwa kuleta mto tu.

Chakula kikaja na kitambaa cha meza, sahani za kauri, vijiko vizito. Alikula polepole ili aweze kumsimulia Fideli. Watu wa pembeni yake hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa kama ndani ya boma lake. Hakuna aliyemwambia mwenzake karibu. Dafroza alisema, "Karibu," kwa mzungu mmoja mzee wa upande wa pili, naye akatabasamu asielewe, akavaa vitu masikioni.

Kisha, jua likiwa bado linawaka nje, wakafanya usiku. Wahudumu walipita wakishusha vifuniko vya madirisha kimoja kimoja, wakazima taa. Viti vikaanza kulala. Vilishuka taratibu, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayeguna usingizini. Watu wakavaa vitambaa vya kufunika macho. Wahudumu wakapita tena, wakawafunika mablanketi meupe hadi shingoni, na wengine wakayavuta wenyewe hadi juu ya kichwa.

Dafroza peke yake alibaki ameketi. Akageuza kichwa.

Walikuwa wamelazwa safu kwa safu, miguu imeelekea upande mmoja, hawana nyuso. Nuru kidogo ya buluu ilitoka sakafuni. Hakuna aliyekohoa. Alikuwa amerudi kwenye barabara ile ya kambini, ila hapa mikeka ilikuwa mizuri.

Alijiambia, hawa wamelala, wamelipa ili walale. Lakini hofu haisikii maneno. Yule mzungu mzee alikuwa ameacha mdomo wazi chini ya kitambaa, na mkono wake umening'inia. Dafroza alimtazama kifuani, hakuona kinachopanda wala kushuka. Akatoka kwenye kiti chake, akajivuta na mguu wake mbovu hadi pale, akapiga magoti sakafuni. Huko kwao maiti haachwi peke yake, hata awe mgeni asiyejulikana jina. Akatoa rozari, akaurudisha ule mkono kifuani, akaanza kumwombea kwa sauti ya chini, kwa Kihangaza, sala ya wafu.

Maiti akang'oa kitambaa usoni. Alimwona bibi mweusi amepiga magoti, analia, ana rozari, na akili yake ikamwambia jambo moja tu, kwamba ndege inaanguka. Alipiga kelele.

Mhudumu alikuja mbio. Ilichukua muda kumtuliza yule mzee.

"Mwambie anisamehe," Dafroza alisema kwa aibu. "Nilidhani ametangulia."

Msichana akatafsiri huku anauma mdomo asicheke. Mzungu akachukua mkono wa Dafroza, akauweka kifuani kwake ili ausikie moyo unavyopiga. "Ahsante," akasema kwa Kiswahili. Pengine ndilo neno pekee alilolijua.

Ungefikiri mambo yangeishia hapo, kwa kicheko. Lakini Dafroza aligeuka kurudi kwenye kiti chake, na kiti chake kilikuwa kimelala.

Alikuwa amekiacha kimesimama. Hakujua hata kidude cha kubonyeza kilikuwa wapi. Sasa kilikuwa kimenyooka, na juu yake kulikuwa na mtu, amefunikwa hadi kichwani. Wengine wote walikuwa na mablanketi meupe. Hili lilikuwa la kijivu. Harufu ya moshi wa mkaratusi, moshi wa jiko la Mbuba, ilikuwa imekaa pale kama mtu amefungua mlango wa jikoni. Pembeni mwa blanketi, palipoungua, palikuwa pameshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Ilikuwa mishono yake mwenyewe.

Miguu ilitokeza. Kiti kilichowatosha wazungu hakikumtosha.

Dafroza alisimama pale, mkono umeshika kiti cha jirani. Alitaka kumwita mhudumu. Alitaka kukimbia. Alihesabu moyoni mambo aliyoyajua: Diane yuko peke yake hospitalini au karibu kwenda, na huyu yuko njiani kumfuata, na ni yeye Dafroza aliyesema aje kuchukua, na ni yeye tena aliyesema nisindikize. Kama kuna mtu wa kuligeuza neno lile, si padri wala daktari. Ni mwenye nyumba aliyelitoa.

Basi akainama, akaifunika ile miguu. Ilikuwa baridi kama ile ndizi.

"Akimana," akasema kwa sauti ndogo. "Umechoka, lala. Kitanda ni chako. Sikukufukuza siku ile, wala leo sikufukuzi."

Blanketi halikutikisika.

"Nilikwambia nakutunzia. Nimekutunzia. Alilala na kushiba kama Thobias, alivaa kabla ya Thobias. Niliyekutunzia ni Diane, naye amekuwa mkubwa, hawezi kuchukuliwa na mtu tena, hata wewe. Na huyu anayezaliwa sikuwahi kukuwekea. Huyu si wa kuchukua, dada yangu. Ni wa kumwona." Akalisawazisha blanketi. "Nilikuomba unisindikize. Nawe ulilelewa vizuri na wazazi wako, unajua kusindikiza. Tutafika wote, utamwona, kisha utarudi nyumbani na mimi. Nikubalie."

Alingoja jibu. Chini ya blanketi mguu mmoja ulijivuta ndani, kama wa mtu aliyeguswa usingizini. Basi. Hakujua kama huko ni kukubali au ni kukataa.

Akachukua mkoba wake, akapita kwenye pazia.

"Bibi, unakwenda wapi?" yule mhudumu alimnong'oneza. "Kiti chako je?"

"Kimelaliwa, mwanangu."

Msichana akaenda kutazama. Aliporudi alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. "Amelala," akasema. Kisha akashtushwa na maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo. Hakuuliza tena. Alimshika Dafroza mkono, akampeleka nyuma.

Huko nyuma kulikuwa na joto la watu. Mtoto alikuwa analia, mwanamume anakoroma, magoti yamegusa migongo, mtu anafungua karanga. Ile familia ya mifuko myeupe ilikuwa kwenye safu ya karibu na ukuta. Mama wa mtoto alimtazama Dafroza, akamtambua kwa kitenge chake na kwa namna alivyosimama.

"Shikamoo, mama. Umetoka Ngara?"

"Marahaba. Mbuba."

"Sisi kambi ya Lukole! Leonidas, simama, mpishe mama."

Jina lake lilikuwa Nimpaye. Mumewe alihamia kiti cha pembeni kilichokuwa na mabegi, akayapakata. Nimpaye akauona ule mguu. Bila kuuliza alivua ule mfuko mweupe kifuani, mfuko wenye karatasi zote za maisha yao, ambao bila shaka aliambiwa asiutoe shingoni hata akilala, akaukunja juu ya begi lake, akamwekea Dafroza chini ya kisigino.

"Huo si wa kukanyagwa, mwanangu."

"Mguu wako haukanyagi, mama. Unapumzika."

Mtoto akawekwa mapajani mwa Dafroza, akanyamaza. Kati ya kiwiko cha Leonidas na bega la Nimpaye, amebanwa kama punje ya hindi kwenye gunzi, Dafroza alilala usingizi ambao hakuulala tangu simu ile.

Aliamshwa na vifuniko vya madirisha vikifunguliwa. Mhudumu alikuwa amesimama karibu yake. "Bibi, njoo uone," akasema.

Kiti chake cha mbele hakikuwa na mtu. Kilikuwa bado kimelala, na juu yake palikuwa na blanketi moja jeupe la ndege, limekunjwa mara nne, limewekwa upande wa miguu, na mto juu yake.

"Si mimi niliyekunja," msichana akasema. "Wala wenzangu. Sisi hatukunji hivi."

Dafroza aliijua ile mikunjo. Pale kwake, mgeni akiacha matandiko yametandazwa, maana yake atalala tena. Akiyakunja na kuweka mto juu, anaondoka leo, na anashukuru. Akimana hakuwahi kupata asubuhi ya kuyakunja. Sasa alikuwa ameyakunja. Lakini ameondoka kwenda wapi, ametangulia au amesubiri, blanketi halikusema. Dafroza alishuka ngazi za ndege akiomba, mguu haumuumi hata kidogo, na hilo nalo likamtia hofu.

Habonimana alikuwa anamngoja, macho mekundu. "Uchungu ulimshika alfajiri, mama," akasema. "Wamenizuia kuingia, wanasema kuna shida." Akachukua mzigo, wakaenda garini. Mvua nyembamba ilinyesha. Dafroza alikaa kiti cha nyuma cha gari dogo, na hakukaa katikati, alijisogeza dirishani akaacha nafasi.

Mlango wa hospitali ulishikiliwa na mzee wa usafi. Habonimana akapita, Dafroza akapita, na yule mzee akaendelea kuushikilia, akainamisha kichwa kidogo kama anayesalimu, ndipo akauachia ufunge. Dafroza aliona. Hakugeuka.

Kwenye korido walisikia kilio cha mtoto. Kilikuwa cha hasira, cha mtoto aliyekasirishwa na baridi. Habonimana alikimbia.

Diane alikuwa amelala, uso umepauka kwa uchovu, nywele zimelowa. Kifuani kwake kulikuwa na binti, mzima, anapigana na hewa. Dafroza alimgusa mtoto miguu kwanza. Ilikuwa ya moto.

"Alikuja, mama," Diane akasema, baada ya wote wawili kulia vya kutosha. "Wakati mbaya kabisa, madaktari walipokuwa wanakimbia kimbia. Nikajua amekuja kuchukua. Nikangoja akae miguuni, godoro libonyee. Hakukaa. Alisimama tu pale mlangoni, amejipangusa vizuri, kama mtu anayekusubiri wewe mwondoke."

Dafroza alitazama mlangoni. Kulikuwa na korido, na taa, na mwanga wa mvua.

"Nilimwomba anisindikize," akasema.

Alikaa Ubelgiji mpaka mtoto akajua kucheka. Kila siku aliweka kiti kitupu karibu na kile cha kwake dirishani, na Habonimana, kijana mwenye adabu, alikizunguka bila kuuliza. Siku zilipokaribia, Diane alichukua simu kupanga safari ya kurudi.

"Nimeshasema na mume wangu," akasema. "Utarudi mbele, kwenye kiti kile kile kinacholala. Usinikatalie. Kwani hukukipenda?"

"Kilikuwa kizuri sana," Dafroza alisema, na alisema kweli. "Aliyelala alipumzika."

"Basi nikate cha mbele?"

"Kata vya nyuma, mwanangu." Alimfunika mjukuu miguu iliyotokeza. "Viwili. Vya pamoja."